Nimefundisha mada ya sauti kwa ilimba badala ya ubao. Nina ya kusema kuhusu sanaa na sayansi mashuleni

Mwalimu wa Vumbi (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Kwanza niondoe utata, maana najua humu kuna watu wataanza. Nikisema sanaa simaanishi HGL wala HKL, zile tahasusi za kidato cha tano na sita. Hapa kwetu ukisikia mtoto "kachukua sanaa" unajua ni Historia, Jiografia na lugha, na mara nyingi anayekwambia anashusha sauti kidogo kama vile mtoto kaugua. Mimi naongelea sanaa ya mikono na masikio: muziki, uchongaji, ususi, uchoraji.

Ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata, mkoa wa Dodoma, huu mwaka wa kumi na moja. Mada ya mawimbi kidato cha nne nimeifundisha miaka yote kwa staili moja. Nachora wimbi ubaoni, naandika v = fλ, mifano mitatu, maswali kumi, tumemaliza. Wanakokotoa vizuri tu. Ila ukimuuliza mtoto huyohuyo sauti nene na sauti nyembamba zinatofautiana nini, anakutazama.

Mwaka jana nikamfuata mzee mmoja fundi wa ilimba, kijiji cha pili kutoka shuleni. Kwa wasioijua, ilimba ni ile marimba ya vidole ya Wagogo: boksi la mbao, juu yake ndimi za chuma unazozipiga kwa vidole gumba. Wengi mmeisikia kwa marehemu Hukwe Zawose, yule wa Bagamoyo aliyefariki 2003. Mzee akaja darasani na furushi: ilimba yake, boksi moja tupu, ndimi alizozifua kutoka kwenye misumari na spoku za baiskeli, nyundo, na kikopo kidogo. Kwenye kikopo kuna utando wa mayai ya buibui. Unagandishwa juu ya tundu la boksi, ndio unaoipa ilimba ule mkoromo wake. Mtoto mmoja akauliza kwa nini asiutoe ili sauti iwe safi. Mzee akamjibu, "Isiyokoroma imekufa."

Sasa sikilizeni somo lilivyokwenda.

Nilikuwa nimefunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye ubao, kama zeze la kihuni. Tukapiga mshipi mzima, tukabana katikati, tukapiga nusu. Sauti ikapanda oktava moja, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) mara mbili. Nikawauliza: ulimi wa ilimba nao tukiukata nusu, masafa yatapanda mara ngapi? Darasa zima, mara mbili. Na mimi, nakiri mbele ya Mungu, kichwani nilikuwa na jibu lilelile. Mzee akacheka.

Akalegeza ulimi uliokuwa umetokeza sentimita 8, akausukuma ndani mpaka zikabaki 4, akapiga. Sauti haikupanda, ilipaa. Nina programu ya bure kwenye simu inaitwa phyphox, ilitengenezwa chuo kikuu cha Aachen kule Ujerumani, inapima masafa kwa maiki ya simu. Mwanzo ilisoma Hz 250. Sasa ikasoma 950. Darasa kimya. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari hajawahi kunyoosha mkono, akasema taratibu, "Mwalimu, hiyo ni kama mara nne."

Kumbe ndivyo. Uzi uliovutwa unafuata urefu, lakini kipande cha chuma kilichobanwa upande mmoja kinafuata urefu wenyewe kwa wenyewe, kipeo cha pili. Ukiupunguza nusu unapata mara nne, yaani oktava mbili. Nikawaambia basi tafuteni: kutoka sentimita 8, oktava moja tu iko wapi? Wakagawanya 8 kwa kipeuo cha pili cha 2, wakapata 5.66. Tukamgeuzia mzee mgongo asione daftari, tukamwomba ausogeze ulimi hadi oktava kwa sikio lake. Akasogeza, akapiga, akasogeza unywele, akapiga tena, akasema "hapa". Rula ikasoma sentimita 5 na milimita 6.

Nusura wapasue paa.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu kilitokea baadaye. Kijana mmoja alikuwa na programu ya kutuni gitaa. Akaanza kupima ndimi za ilimba ya mzee moja moja: kijani, kijani, ikafika moja ikawa nyekundu. Akasema, "Babu, hii imekosea." Mzee akaipiga tena, akaimba juu yake kidogo, akauliza, "Imekosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikasoma usiku kucha. Ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa juu ya hamoniki asilia, zile sauti ndogo zilizomo ndani ya kila sauti, na ya saba ikiwemo. Chukua sauti ya Hz 110. Hamoniki yake ya saba ni 110 mara 7, yaani 770. Kwenye kinanda noti iliyo jirani ni 784. Kinanda hakina 770 kabisa, kwa sababu kinanda kimegawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, na huo ni mkataba wa watu. 770 haikuwekwa na kikao. Jumatatu nikachukua mshipi wa sentimita 70, nikaugusa kidogo tu kwenye sentimita 10, nikaupiga. Ikalia. Nyembamba sana, lakini ipo, mtoto yeyote aliisikia. Kwa hiyo programu ile haikumpima mzee. Ilimlinganisha na kinanda.

Hapo ndipo nasema, wakuu. Tukizungumzia sanaa kwenye sayansi huwa tunaongea kama vile sanaa ni kachumbari, fizikia ni ngumu basi tuiwekee wimbo ishuke. Swali la ile noti nyekundu lisingetoka kwenye kitabu changu hata ningefundisha miaka thelathini. Lilikuwa ndani ya ilimba linasubiri mtu apime.

Na nisionekane najisifu. Mwaka wa kabla tulitunga na mwenzangu wa bayolojia wimbo wa fotosinthesisi. Mzuri kweli, wanafunzi waliimba mpaka siku ya wazazi. Kwenye jaribio tukauliza: mti wa tani moja umeutoa wapi uzito wake? Karibu wote: udongoni. Na beti la pili la wimbo linataja kaboni dayoksaidi mara nne! Waliimba jibu, wakaandika kosa.

Kiongozi mmoja alipita siku ya ilimba, akauliza kama hii ipo kwenye andalio la somo, kisha akaandika kwenye kitabu cha ukaguzi "burudani imezidi". Mzee nilimpa nauli kutoka mfukoni mwangu, maana hakuna kifungu.

Wenye uzoefu mwageni. Mods, tafadhali msiupeleke jukwaa la burudani.

Nimekaa Paleee

Nimeweka kiti mbele kabisa.

Kinyozi wa PCM

Mwalimu heshima yako, ila mimi nitakuwa yule mbaya leo.

Moja, una wanafunzi wangapi? Mimi nilisoma darasa la watu 87. Ilimba moja watu 87 ni tamasha hilo. Mbili, mtihani wa taifa hauulizi ilimba. Mtoto wa kata ana nafasi moja tu ya kutoka, nayo ni pepa. Vipindi viwili ulivyotumia hapo, mwenzake wa shule ya kulipia kashafanya maswali ya miaka kumi iliyopita. Tatu, maabara hazina hata bikari, halafu tunataka tuanze mambo ya sanaa. Huko Ulaya wana vyote ndio maana wanaongeza mapambo.

Na tafadhali mtu asiniletee Leonardo da Vinci, yule mchoraji aliyekuwa pia mwanasayansi. Kila uzi wa namna hii lazima atokee mtu na Leonardo.

Mama Doti

Kinyozi punguza hasira, kaa hapa nikusimulie. 😄

Mimi ni wa msingi, hisabati darasa la tano, Tanga. Mada ya ulinganifu kitabuni ina kipepeo na herufi A, basi. Nikawaambia kila mtoto aje na khanga ya mama yake, kwa ruhusa, sio kuiba. Wakaja nazo. Uwanja mzima umetandikwa khanga, wapita njia wanadhani kuna mnada.

Khanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini. Nikauliza: ina mistari mingapi ya ulinganifu? Wakakunja kwa urefu, wakakunja kwa upana, wakasema miwili. Nikataka kuendelea. Mtoto mmoja mtundu, huyo ndiye anayenimalizia chaki, akasema, "Mwalimu, hapana, jina." Kumbe kweli! Ukikunja juu kwa chini, kisanduku cha jina hakina mwenzake upande wa juu. Ukikunja kushoto kwa kulia kisanduku kinalaliana, lakini maandishi yanageuka. Kwa hiyo khanga yenye jina, ukiwa mkali, haina mstari hata mmoja.

Sasa wakaanza wenyewe kutafuta: kuna neno gani ukiliweka kwenye kioo linabaki lilelile? Hapo sikuwapa mimi kazi, jamani. Wiki nzima wakaleta maneno. AMA. Halafu msichana mmoja akaja na UTATU. Andikeni kwa herufi kubwa mtazame kwenye kioo. Kila herufi yake inalingana kushoto na kulia, na neno lenyewe linasomeka sawa kwa mbele na kwa nyuma. Nimefundisha miaka mingi sijawahi kuliona.

Pepa limeuliza ulinganifu, Kinyozi. Hakuna aliyekosa kwa sababu ya kipepeo.

Nimekaa Paleee

UTATU 🔥 nimeenda kwenye kioo cha chooni na simu mkononi, nimetoka nimekubali

Mwalimu wa Vumbi

Mama Doti, huyo mtundu mpe chaki zote.

Kinyozi, hoja zako si za kutupa. Nina 74. Ilimba ilikuwa moja, lakini ulimi si lazima uwe wa ilimba. Rula ya chuma kwenye ukingo wa dawati ni ulimi uleule: bana, achia, sikiliza. Rula nilikuwa nazo ishirini. Ila kitu kimoja: nisingeanza na rula. Ningeanza na rula hakuna ambaye angebisha, kwa sababu hakuna mtu anayejali rula inasemaje.

Kuhusu muda, mada ya mawimbi mwaka huo niliimaliza siku tatu nyuma ya ratiba. Hilo nalikubali, na wiki ya mwisho tulikimbizana.

Mtu wa Darajani

Asalaam aleikum wana jamvi. Nipo Unguja, kazi yangu ni kompyuta lakini jioni napiga ala kwenye kikundi.

Mwalimu umetaja uzi na urefu wake, nikakumbuka ganuni ya taarab. Wengine huiita kanuni. Sasa hebu tulieni hapo. Neno kanuni tunalolitumia darasani, kanuni ya Ohm, kanuni ya Newton, na jina la ala ile, ni neno moja la Kiarabu, ambalo nalo limetokana na la Kigiriki. Na Wagiriki wa kale walikuwa na ubao wa uzi mmoja wa kupimia sauti, wakauita kanon. Yaani kanuni ilikuwa ala kabla haijawa swali la mtihani.

Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu kwa kila noti. Upande wa kushoto, chini ya kila kundi, kuna vijiwenzo vidogo vya chuma. Ukiinua kimoja, uzi unafupika milimita chache tu, sauti inapanda chini ya nusu-toni, yaani chini ya hatua moja ya kinanda. Ndivyo inavyopatikana ile robo-toni inayowafanya wageni waseme taarab "imepinda". Haijapinda. Mpigaji mzuri anainua na kushusha vijiwenzo hivyo katikati ya wimbo, bila kutazama. Kisha mnaniambia huyo si mtu wa vipimo?

Tuna chuo cha muziki wa nchi za jahazi hapa Zanzibar tangu 2002, vijana wanahitimu. Sijaona shule ya sekondari iliyomwalika hata mmoja kwenye kipindi cha fizikia. Fikirini tu.

Kinyozi wa PCM

Sawa, ya kanuni imenigusa, nakiri. Lakini acheni nimwage sumu kidogo, maana najua tunakoelekea: "muziki unaongeza akili".

Hiyo imeanzia kwenye utafiti wa 1993 uliotoka jarida la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu kule California walisikiliza Mozart dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na athari yenyewe ilidumu dakika 10 hadi 15. Basi. Sio watoto, sio hesabu, sio akili kwa ujumla. Dunia ikapata wazimu. 1998 gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo. Waliorudia jaribio wengi hawakuona kitu cha maana.

Kwa hiyo mtu akija na "sanaa inafungua ubongo" nitamdai risiti.

Mwalimu wa Vumbi

Umenisaidia bila kujua, Kinyozi. Sijasema popote kwamba ilimba imewaongezea akili. Iliwapa kitu cha kupima na sababu ya kukipima. Ukinikuta siku nasema inafungua ubongo, nifungie akaunti.

Mzazi wa Watatu

Mimi si mwalimu. Mwanangu wa mwisho kajifunza namba kwa katuni za Ubongo, wale wa Dar walioanza kurusha kipindi TBC 2014. Nyimbo za Kiswahili, wanyama, hesabu. Kazishika zote. Kwa hiyo wimbo unafanya kazi, Mwalimu, usiukatae wote kwa sababu ya fotosinthesisi yenu.

Mwalimu wa Vumbi

Siukatai, mzazi. Wimbo unabeba mpangilio vizuri: namba, majina, hatua za kitu. Wetu tuliupa mzigo usio wake. Swali la uzito wa mti halihitaji kukariri, linahitaji mtu ashangae kwamba hewa ina uzito. Tungepima kitu kwanza, tukaimba baadaye.

Miye wa Kenya ya Lushi

Miye niko Lubumbashi, mnisamehe Kiswahili changu si cha Dar. (Kenya ni mtaa wa huku kwetu, sio nchi, msinichanganye.)

Wachokwe wanaishi Angola, kusini ya Kongo na Zambia. Wana michoro ya mchangani inaitwa sona, mmoja ni lusona. Mzee anasawazisha mchanga, anabonyeza nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha anapitisha kidole kati ya zile nukta anazunguka, anazunguka, huku anasimulia hadithi. Kidole kikisita katikati, watu wanajua hajui.

Paulus Gerdes, mtu wa hesabu aliyefanya kazi yake Msumbiji mpaka alipofariki 2014, aliichambua miaka mingi. Ziko za namna nyingi, lakini ile inayofanana na msuko wa mkeka ni hivi. Mstari unakwenda mshazari kati ya nukta, ukifika ukingo unageuka kama mpira wa biliadi. Weka nukta safu 3 kwa 4: mstari mmoja unazunguka zote na kurudi ulikoanza. Weka 4 kwa 6: unafunga kabla haujamaliza, unahitaji mstari wa pili. Weka 3 kwa 3: mitatu. Idadi ya mistari ni kigawo kikubwa cha shirika cha zile namba mbili.

Nimewaonyesha watoto wa ndugu yangu kwa chaki barandani. Walichora mpaka giza. Hakuna aliyewaambia hiyo ni hesabu.

Mama Doti

Subiri. SUBIRI. KKS naifundisha muhula ujao. Mchanga ninao uwanja mzima. Mungu akubariki wewe mtu wa Lushi.

Fundi Msumeno

Naongezea la teknolojia maana mnaongea fizikia tu. Nina karakana ya milango, Dar. Miaka kadhaa iliyopita tumenunua mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga nakshi. Tukaajiri kijana wa kompyuta, mzuri sana kwenye kuchora. Mchoro ukitoka kwenye skrini ni wa Mji Mkongwe kabisa. Ukichongwa kwenye mninga, kingo zinachanika kama zimetafunwa na panya.

Aliyetuokoa ni mzee aliyekuwa anachonga kwa patasi. Hagusi kompyuta. Alisimama pembeni akasema hapa unakwenda kinyume na nyuzi za mbao, zungusha hivi, hapa pita mara mbili nyembamba usipite mara moja nene. Kijana akabadilisha njia ya kisu kwenye programu. Leo hao wawili siwaachanishi. Ila mzee analipwa kidogo kuliko kijana, nisiwadanganye, na kosa hilo ni langu.

Rangi za Baiskeli

Kemia hapa. Fupi tu. Edward Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 60 alitumia rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu. Hiyo ni topiki nzima ya badiliko la kiumbo na badiliko la kikemia. Siku ya kwanza kinachotoka ni harufu, kiyeyusho kinaruka: badiliko la kiumbo. Baadaye rangi inashikana na oksijeni ya hewani na kukomaa: la kikemia. Thibitisho: rangi ya maji ya kuchorea iliyokauka ukiilowesha inayeyuka tena, ya Tingatinga ukiipaka mafuta ya taa haitoki. Vibao viwili, kitambaa kimoja, dakika tano. Sijawahi kuhitaji maabara.

Wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku CBC, mtaala wetu wa umilisi, imegawa sekondari ya juu njia tatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Watoto wa kwanza wa gredi ya 10 wameingia Januari 2026. Binti yangu anachora kama shetani na anapenda fizikia. Aliambiwa achague njia. Mimi nilifurahi sanaa kupata njia yake rasmi, kisha nikaona ni njia yenye ukuta. Kwenu vipi?

Mwalimu wa Vumbi

Kwetu mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo msingi, na sekondari kuna mkondo wa jumla na wa amali. Ni hatua, silaumu. Ila ukuta wako na sisi tunao, tumeupaka rangi nyingine tu. Mtoto wa amali anayejifunza muziki na mtoto wa mkondo wa jumla anayesoma mawimbi wanaweza kukaa shule moja miaka minne na wasikutane mbele ya ala moja.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo. Sekondari fizikia tunaifundisha kwa Kiingereza. Siku ya ilimba hakuna aliyekumbuka Kiingereza, mzee angekitoa wapi. Yule binti wa dawati la nyuma alisema "mara nne" kwa Kiswahili. Nimejiuliza sana kama kilichomfungua mdomo ni ilimba au ni lugha. Sina hakika hata leo.

Nimekaa Paleee

Mmemsahau Erasto Mpemba wakuu. 1963, Magamba sekondari, anatengeneza aisikrimu, anaona maziwa ya moto yameganda kabla ya ya baridi. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba. Miaka michache baadaye akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, wakapima, 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka kesho.

Mtu wa Darajani

Aisikrimu si sanaa, bwana.

Nimekaa Paleee

Hujala ya Forodhani wewe.

Kinyozi wa PCM

Nimerudi. Siku mbili nimekaa kimya, nisiulizwe kwa nini.

Rula ya chuma, ya sentimita 30, ya mwanangu. Ukingo wa meza ya kulia chakula, nimeibana kwa kiganja. Nimepakua hiyo phyphox. Sentimita 10 nje ya meza: Hz 68. Sentimita 5: Hz 252. Nimerudia mara sita, mke wangu kaniuliza kama kila kitu kiko sawa.

252 gawanya kwa 68 ni 3.7. Wewe ulisema nne. Ile ya ilimba yenu nayo, 950 kwa 250, ni 3.8. Nataka kujua ile nyingine imekwenda wapi, na usiniambie "makosa ya vipimo", hilo nilikuwa naandika mimi kidato cha nne nikiwa sijui.

Mwalimu wa Vumbi

Ulibana kwa kiganja kitupu? Weka jicho pale rula inapoingia mezani wakati inatetemeka. Inaishia pale kwenye ukingo, au inapinda hata ndani kidogo chini ya mkono wako?

Kinyozi wa PCM

Inapinda ndani.

Mwalimu wa Vumbi

Basi urefu wako si 10 wala si 5. Ongeza milimita nne kwenye kila urefu, kokotoa upya.

Kinyozi wa PCM

10.4 kwa 5.4. Ni 1.926. Kipeo cha pili... 3.71.

Fundi Msumeno, una jiliwa la kubania la kuazima Jumamosi?

Fundi Msumeno

Ninalo. Njoo na rula yako.